Nywele za Kuzindulia Jarida

Selestine alirudi Kolandoto kutoka vita vya Burma akipenda historia ya Wajapani kuliko ng'ombe wa baba yake. Leo, mbele ya majirani, alikuwa anazindua jarida lake la historia hiyo, lililochapwa kwa mashine ya kuazima.

Akasoma kwa sauti: "Askari wa Kijapani huacha nywele zake nyumbani aendapo vitani. Akifa mbali, mama yake huzizika, na mwana huhesabiwa amezikwa kwao."

Kisha akainua kijifuko cha karatasi. "Nimezileta, hizi hapa!"

Mama wa rafiki yake aliyekwenda naye vitani asirudi, akasukuma kigoda, akapiga magoti na kutandaza upande wa kanga yake.

"Wabeja, mwanangu. Asante," alisema. "Tangu nipewe habari za kifo cha kijana wangu sijamlilia, maana sikuwa na cha kuzika. Leo nitanyoa kichwa kama waliofiwa."

Akakipokea kijifuko, akakifumbata kifuani.

Selestine angeweza kunyamaza. Lakini picha ya nywele hizo kwa toleo lijalo angeipigaje?

"Mama, nirudishie. Hizo ni za Mjapani. Nilizikata mwenyewe kwa kisu changu, alipokwisha kufa."

Mama akafungua. Nywele zilikuwa nyoofu, nyeusi, kama singa za mkia wa ng'ombe. Alizitazama mpaka majirani wakainamisha macho.

"Na mwanangu alikuwa amelala wapi?"

"Ubavuni pake," Selestine alijibu, mkono bado ameunyosha.

"Na kisu ulikuwa nacho mkononi."