Milioni Moja na Moja

Mzee Alexander wa Pongwe hakuwa na cheti, hakuwa na kikokotoo, wala jicho la kushoto la kutegemea. Alichokuwa nacho ni daftari la kisomo cha jioni, na ndani yake namba tasa ishirini na tano, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe.

Aliigawanya 1,000,001 kwa kila mojawapo, na kila mara palikuwa na baki. Akaandika barua kwamba namba hiyo nayo ni tasa. Mwalimu wa sekondari alikwisha ahidi kuwasomea wanafunzi barua hiyo Jumamosi.

Mkewe alikuwa kwenye mbuzi, akikuna nazi. "Hizo namba zako zimeishia wapi?"

"Tisini na saba."

"Zilikwisha namba, au lilikwisha daftari?"

"Wewe kuna nazi, mama."

Hata hivyo alichonga penseli, akajaribu 101. Akaandika tisa, tisa, sifuri. Chini kabisa ya hesabu zikabaki tarakimu tatu: 101. Alizitazama muda mrefu kabla ya kuandika moja ya mwisho.

Hapakuwa na baki.

"Imegawanyika?"

"Imegawanyika."

"Basi ichane barua, mzee wangu. Watoto watakucheka."

Hakuichana. Chini ya mwandiko wake mzuri aliongeza: "Nimekosea. Namba hii ni 101 mara 9,901. Aliyeuliza swali ni mke wangu."

Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akaenda kuitia posta mwenyewe.