Mtani Kutoka Kahama

Shukuru alikata wimbo katikati. Alilaza kiganja juu ya nyuzi za gitaa, akamtazama mwimbaji kwa chuki ya wazi.

“Wewe ni mwizi,” alisema. “Tena mwizi wa macho makavu.”

Yasinta alicheka mpaka akashika mbavu. “Mtani wangu jamani! Leo umeamka na njaa? Michembe yenu ya viazi imekwisha?”

Redempta, aliyekuwa akimwitikia, naye alicheka mbele ya maiki. Manase, mwenye studio, akafuta kipande kile na kuanza upya.

Ndivyo walivyorekodi albamu nzima. Tangu Manase alipomleta mpiga gitaa huyu kutoka Kahama, Yasinta aliamua kwamba ni Msukuma, na Msukuma na Mnyiramba kama yeye ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Basi Shukuru alitukana. Alitukana bila kutabasamu hata kidogo, na wenzake wakaona kwamba kwa utani huyu bwana hana mpinzani.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja huko Unyambwa. Kuta zilivishwa magodoro ya zamani, na nyuma yake kulikuwa na mashine ya kukamulia alizeti. Mashine ikiunguruma wanasimama, ikinyamaza wanaimba. Joto la mle ndani lilitosha kugombanisha ndugu. Yasinta alivumilia, maana uzinduzi ulikuwa Jumamosi na mabango yalishabandikwa mjini mpaka stendi: sura yake, jina lake, na chini yake maneno aliyoyachagua mwenyewe, “Nyimbo zote nimetunga mimi.” Miaka mingi alikuwa ameimba nyimbo za wengine kwenye harusi za wengine. Asipotoka na albamu hii hatatoka tena, na alilijua hilo.

Kabla ya kila wimbo alikwenda uani, akachomeka hedifoni kwenye simu na kusikiliza huku amegeukia ukuta. Alisema anajikumbusha.

“Unajikumbusha ulichotunga mwenyewe?” Shukuru alimwuliza. “Huu wimbo wa kupalilia uliutungia wapi?”

“Kichwani mwangu.”

“Kichwa hicho hakijawahi kuinama shambani. Na hilo neno la pili halitamkwi hivyo, unaliua.” Akalitamka yeye, taratibu, kama anayemfundisha mtoto mkaidi.

Hapo hata Manase alivua miwani akafuta machozi. Msukuma anamfundisha Mnyiramba Kinyiramba! Yasinta alitoka mbio kwenda kuwasimulia wanawake wa kwenye mashine. Lakini aliporudi aliliimba neno lile kama alivyoelekezwa, na wimbo ukakaa sawa.

“Mimi sina utani na wewe,” Shukuru alimwambia.

Wakacheka zaidi. Mtani gani hasemi hivyo?

Ijumaa mchana Manase alimaliza kuchanganya sauti za wimbo wa mwisho. Kazi yote ilikuwa kwenye diski moja ndogo ya kuchomeka. Nakala haikuwepo. Yasinta ndiye aliyekataza, kwa kuogopa kuibiwa, na kila jioni alisimama nyuma ya Manase kuhakikisha hakuna kilichobaki kwenye kompyuta.

Shukuru aliinuka, akaichomoa ile diski na kuitia kwenye begi la gitaa, wote wakimwona.

“Naondoka na hii,” alisema. “Hizi nyimbo huzindui kesho, wala siku nyingine.”

Manase alianza kunyanyuka. Yasinta akamshika bega, akamkalisha. Mtani akichukua kitu chako humnyang'anyi. Ukimnyang'anya, watu watasema hukulelewa. Unamwacha aende nacho, kisha unakwenda kukikomboa kwa kuku, mnacheka, yameisha. Na Yasinta, kuliko kitu chochote, alipenda kuonekana amelelewa. Alimfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

“Nenda, mla michembe! Wasalimie ng'ombe wako!”

“Nakuchukia, Yasinta,” Shukuru alisema, akapanda bodaboda.

“Mnamsikia?” Yasinta alipiga makofi kwa furaha. “Huyu hata msibani kwangu atawavunja watu mbavu.”

Alikwenda sokoni akachagua jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kucha za kutisha. Hakutaka mtani apate la kusema. Alasiri alirudi studio amembana jogoo kwapani, miguu imefungwa kwa kamba. Redempta akawasha kamera ya simu ili kesho watu wacheke pale ukumbini. Manase akazima feni isiharibu sauti. Yasinta akapiga simu, akaweka sauti ya nje.

“Wewe mla michembe! Jogoo wako huyu hapa anakusubiri. Nirudishie diski yangu!”

Upande wa pili kulikuwa na kuku pia, na mtu mzima akikohoa. Kisha Shukuru akajibu, si kwa Kiswahili. Alijibu kwa Kinyiramba cha kijijini Iguguno, kile ambacho mtu hajifunzi ukubwani.

“Jogoo mchinje mle wenyewe. Mimi nimeshafika nyumbani. Subiri nimpe mama simu, umwamkie. Anauliza, ile sauti yake uliyoirekodi siku ile akiimba nyimbo zake huku akipura alizeti, bado unayo?”