Mayai Machanga ya Majivu

Mkono wa Yasinta, mtaalamu wa maabara, ulisimama juu ya mtungi wa naitrojeni ya maji, yenye baridi kupita barafu. Moshi mweupe ulimwagika mezani taratibu, kama maziwa ya kibuyu kilichoangushwa ndotoni.

Ndani ya mrija mwembamba alioushika mlikuwa na mayai machanga matatu ya uzazi ya Majivu, ng'ombe aliyevunjika mguu na kuchinjwa asubuhi hiyo. Wa mbegu yake, wanaostahimili kiangazi, hakubaki mwingine. Malori ya wanunuzi wa soko huria yalikuwa yamewazoa wote, kuanzia Mkonze mpaka Kibaigwa.

"Mnatia ng'ombe kwenye mrija, halafu sisi ndio mnatuita wachawi," alisema mzee mwenye Majivu.

"Babu, nayagandisha ili mbegu yake isipotee. Nikiyagandisha polepole, barafu inayapasua. Leo nayatumbukiza ghafla. Huu ni mrija wa kujaribia."

"Basi aitwe kwanza. Hajawahi kuingia zizini bila kuitwa."

Yasinta alitaka kucheka. Lakini mzee alikwisha kuinama juu ya moshi, akapiga mluzi mrefu, akaita kwa sauti ya jioni, "Majivu. Majivu we."

Mrija ukazama.

Alipoutoa na kuuyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, Yasinta aliinamia hadubini. Mayai mawili yalikuwa yamepasuka. La tatu lilikuwa zima, mviringo kama tone la samli, likimeta.

Alichukua mrija wa pili, wenye mayai yote yaliyosalia, akausogeza kwenye moshi.

"Babu," alinong'ona, "mwite tena."