Dakika Nne za Mla Mbwa

Kidole cha Rasmata kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

Kwenye skrini, mwongozaji filamu mkongwe, mtu wa kabila la Wasamo, alimtazama kwa dharau. "Nyinyi Wamossi ni watumwa wetu. Nani kakupa kamera? Kanisongee ugali wa tô."

Nyuma ya kamera akasikika Rasmata mwenyewe. "Mla mbwa wewe, kaa vizuri, mkia unaonekana."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Matusi hayo yatoke," alisema mshirika wa kipindi aliyeko Geneva, kwenye simu, kwa mara ya nne. "Kipindi kinarushwa nchi kumi na tisa."

"Nimeshakwambia, ni utani. Mmossi na Msamo wasipotaniana, watu watauliza wamekosana nini."

"Basi weka maelezo chini ya picha."

Rasmata akasonya. Utani wa kuelezwa ni maiti. Na katika sehemu nyingine zote za mahojiano, mzee alizungumzia filamu zake kama shahidi mahakamani. Uhai wake wote ulikuwa katika dakika hizi nne.

Mlango ukafunguliwa. Fundi sauti aliingia, hakukaa.

"Dada, mzee wako amefariki asubuhi hii. Wanawe wanauliza ni Mmossi gani atakayekwenda kumtania msibani."

Simu iliendelea kuongea peke yake. Rasmata aliondoa kidole kwenye kitufe, akakifuta kwenye sketi yake kama kilichoshika uchafu.

Kwenye skrini, mzee alikuwa bado ameinama, anaokota kofia.

"Mla mbwa wewe," alimwambia. "Hata kusubiri kipindi kirushwe kumekushinda."