Stika ya Mheshimiwa

Wakaguzi walikuwa duka la jirani wakibeba kila kompyuta isiyo na leseni halali ya programu. Bei ya leseni mpya ilikuwa imemshinda Siwema, mwenye steshenari.

"Dada, yako ilikuja na mashine," fundi Hamadi alimwambia. "Namba zake ziko kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni."

"Si ndipo nilipombandika mgombea wangu, ile stika ya kampeni!"

"Yule aliyeshindwa? Mbandue, ashindwe mara ya pili."

Siwema akaleta birika, mvuke ukampiga mheshimiwa usoni. Paji likabanduka, namba za kwanza zikachungulia. Pua nayo ikatoka. Kwenye meno, karatasi ya leseni ikaanza kuchanika naye.

"Hodi! Wenyewe mpo?" mkaguzi akaita mlangoni.

Siwema akageukia mlango, nusu ya mheshimiwa ikining'inia kwenye kucha zake. Tabasamu lilikuwa bado limeng'ang'ania kompyuta, na namba za mwisho chini yake.