Mbwa Wanane

Mbwa alikataa kusimama. Mzee Rwegoshora alimwinua kwa mikono miwili, naye akalegea tena mlangoni.

Placida, daktari wa mifugo, alimwamkia mzee shikamoo, akapiga magoti, akafungua bandeji. Mwezi uliopita alimshona mbwa huyo, Ntale, hapahapa Nyakasimbi, alipochanwa na nguruwe pori migombani. Sasa mshono ulikuwa umeoza, na dawa tatu alizomchoma hazikufua dafu.

Huyu alikuwa mbwa wa nane kuoza kidonda hivi. Wengine aliwatibu katika vijiji vya Nkwenda na Rubwera, na wanne walikwisha kufa.

Mzee aliuliza kama kuna tumaini. Placida akamweleza kwamba sampuli za vidonda vyote ziko maabara. Wataalamu huko wanatafuta sehemu ya bakteria isiyobadilika, ili itengenezwe chanjo itakayoufundisha mwili wa mbwa kuwashambulia kabla hajaugua. Kwamba Ntale huenda asiifikie siku hiyo, hakusema.

Simu ikaita. Akavua glavu, akapokea. Alikuwa Elick wa maabara.

“Tumeipata sehemu ile,” alisema. “Bakteria wa mbwa wote wanane wanayo.”

Placida akafumba macho. Miaka miwili alikuwa akiyangoja maneno hayo. Lakini sauti ya Elick haikuwa ya mtu mwenye furaha. Alisema bakteria hao wanafanana kupita kiasi, ni wa uzao mmoja. Akauliza mbwa hao walikutana wapi.

Placida akajibu kwamba hawajakutana popote. Ntale hajatoka katika shamba hili tangu azaliwe.

“Basi yupo aliyewapelekea,” Elick alisema. “Ile sampuli ya tisa uliyoiandika namba tu, bila jina. Bakteria wa hawa wanane wote wametokana na wa sampuli hiyo. Na mwenye sampuli hiyo anaonekana kukaa nao muda mrefu, pengine wala haumwi.”

Mzee Rwegoshora alikuwa akimtazama Placida usoni, akitafuta habari njema.

“Daktari, afungiwe leo hii, asimguse mbwa mwingine. Ni wa nani?”

Mkono wa Placida, usio na glavu, ulikuwa ubavuni mwa Ntale, ukimpapasa. Akauondoa polepole.

Sampuli ile ya tisa ilikuwa ya kulinganishia tu. Aliichukua asubuhi moja, kwa kijiti cha pamba, puani mwake mwenyewe.