Mkono wa Katibu Marko

"Teremka moja kwa moja, usisite. Ukifika chini, pinda kushoto," Marko aliagiza.

Apolinaria aliteremka, akapinda. Kiganja chake kilikuwa juu ya kiganja cha mumewe, vidole vyake vimeubana mkono ule uliolegea, na katikati ya vidole vyote hivyo kilichomoza kipande cha chaki. Kwenye kibao ikatokea alama iliyopinda vibaya.

"Ndiyo nini hiyo, baba Imakulata?"

"Herufi ya kwanza ya jembe."

"Mimi naona mkia wa mbwa."

Marko akacheka, tena kwa mdomo mzima. Kiharusi kilimwangusha wakati wa kupakia tumbaku, kikaondoka na mguu, ulimi na mkono wa kulia kwa mpigo mmoja. Mguu ulirudi kwanza, maana Apolinaria alimtembeza kila asubuhi kwenye njia ya zamani ya misafara, akimkaripia kama mpagazi mvivu. Ulimi ukafuata na maneno yake yote, hata yale ambayo mkewe angependa yapotelee njiani. Mkono tu ndio uliogoma.

Na mkono ndio uliotakiwa. Marko alikuwa katibu wa kijiji tangu watu walipohamishiwa pale kutoka mashambani mwao. Mwenyekiti Luhende alishasema waziwazi kwamba mvua zikianza na katibu hajaweza kuandika, ukatibu utakwenda kwa Silasi. Huyo Silasi ndiye aliyesaidia kupima viwanja, akajikuta ameangukia kile cha karibu na kisima. Apolinaria akimfikiria amekalia kiti cha mumewe, chakula kilikuwa hakipiti.

Nesi wa Tabora mjini alimweleza kwamba mkono uliopooza hufundishwa kwa kazi uliyoizoea: aushike, auongoze, siku moja utakumbuka. Basi kila jioni wakakaa barazani, Marko akitaja njia na Apolinaria akiusukuma mkono.

Luhende alikuwa na lalamiko jingine pia, la kisomo. Watu wazima wote wa kijiji walikuwa darasani, na mke wa katibu peke yake alikuwa bado anaweka dole gumba. Si kwamba hakutaka kujua kusoma. Mwalimu wa kisomo alikuwa Masolwa, mume wa binti yake Imakulata, na hakuna mama mwenye heshima zake anayekaa mbele ya mkwewe akaonyeshwa makosa, sembuse kushikwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja wao lazima aingie vichakani. Darasani angeingia kichaka gani? Marko alimbembeleza mwaka mzima kabla ya kuugua, kisha akakata tamaa. Au ndivyo Apolinaria alivyodhani.

Siku zikaenda. Majirani nao wakawa wema ajabu. Apolinaria akirudi kisimani alikuta mbuzi amefungwa vizuri, au mpini wa jembe umekazwa. Marko alisema lazima kuna mtu alipita wakati yeye amesinzia. Apolinaria akawaombea wote baraka kanisani.

Kisha Marko akaacha kutaja njia. Akawa anasema neno tu: mbuzi, kisima, mvua.

"Nielekeze basi," mkewe alilalamika.

"Wewe usindikize tu. Uache mkono wangu uende wenyewe."

Na mkono ukaenda. Apolinaria aliusikia kwa kiganja chake mwenyewe, unageuka na kupanda bila kungoja amri. Furaha ilimjaa mpaka akakimbilia jikoni kulia, asije akamtia mumewe kiburi. Baada ya hapo alizidi kuwa mkali. "Mkono wako umeruka herufi hapa," alimwambia jioni moja, na Marko akaomba radhi kwa unyenyekevu ambao haukuwa desturi yake.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Luhende alifika. Nyuma yake alikuja Silasi, amevaa shati lililopigwa pasi. Waliamkiana mwangaluka, wakaletewa ungo wa karanga za kuchemsha, wakakaa.

Luhende alitaka katibu aandike tangazo moja tu, mbele yao. Marko akaomba mkewe amwekee mkono juu kama walivyozoea, maana bila hivyo mkono wake unaogopa. Silasi akasema huo ni ujanja. Luhende akafikiri kidogo.

"Mama Imakulata hajui hata herufi moja," alisema. "Mwache amshike. Kitakachoandikwa hapo kitakuwa cha katibu, si cha mtu mwingine. Ila Marko, wewe usifungue mdomo."

Akasoma tangazo polepole: Mkutano wa kijiji utakuwa Jumatatu, kila mtu aje na jembe lake.

Apolinaria aliinama juu ya kibao, akaukandamiza mkono wa mumewe, akamwomba Mungu. Mkono ukaanza. Ulikwenda taratibu, neno kwa neno, wala haukutetereka. Alikuwa amekaza macho kwenye chaki, hathubutu hata kupumua kwa nguvu. Silasi alijikohoza mara moja, kisha zikasikika karanga zikimenywa. Herufi ya mwisho ikakaa mahali pake. Apolinaria akapiga nukta, akayasoma maneno yote kimoyomoyo toka mwanzo, akaona hakuna kosa.

Machozi yakimlengalenga, aligeuka kumpongeza mumewe. Ndani ya kiganja chake mlikuwa na chaki peke yake. Marko alikuwa amekaa kule kwenye ungo, bega kwa bega na Silasi, akimmenyea karanga kwa mkono wa kulia.